Kura, Matokeo na Mabadiliko ya Uongozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Maswali yafuatayo hujitokeza tena na tena katika mabaraza ya wananchi, kwenye stendi za matatu na hata nje ya makanisa, kuanzia Kondele hadi Kakamega na Nakuru, kila msimu wa siasa unapokaribia. Majibu yake yameelekezwa kwa mpiga kura wa kawaida, wala si kwa wakili. Yanakaa zaidi kwenye sehemu moja ya uchaguzi, yaani kuhesabu na kutangaza kura, kwa sababu mwandishi anaamini kwamba nchi nyingi zinazoendelea hazijakosa siku ya kupiga kura. Zilichokosa ni njia ya kumwezesha aliyeshindwa kujihakikishia mwenyewe kwamba ameshindwa kweli.

Nikishatumbukiza kura yangu sandukuni, inakwenda wapi?

Haiendi popote kabla ya kuhesabiwa. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, ingawa kila aliyekwisha kufika kwenye foleni kufikia saa hiyo ana haki ya kupiga kura. Baada ya hapo sanduku hufunguliwa papo hapo, mara nyingi katika darasa lilelile la shule ya msingi ulimopigia kura, mbele ya mawakala wa wagombea, waangalizi na wanahabari. Msimamizi wa kituo huinua kila karatasi, hulitaja jina la aliyepigiwa, na kuionyesha kwa wote waliomo. Kwa kuwa kituo kimoja hakipaswi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700, kazi hiyo inaweza kufuatwa kwa macho na yeyote aliye na subira na daftari.

Matokeo ya urais huandikwa katika Fomu 34A. Msimamizi na mawakala huitia saini, kila wakala hupewa nakala yake, nakala nyingine hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hutumwa kwa kutumia KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume ya uchaguzi. Fomu za vituo vyote vya eneo bunge hujumlishwa katika Fomu 34B, na jumla ya nchi nzima, pamoja na kura za Wakenya walio ng'ambo, huandikwa Nairobi katika Fomu 34C.

Vijana wanaouona utaratibu huu kuwa jambo la kawaida hawana budi kukumbushwa kwamba haukuwapo zamani. Katika uchaguzi wa 1992 na wa 1997 masanduku yalisafirishwa hadi kwenye kumbi za kuhesabia kura, na yaliyotendeka njiani, usiku, kwenye barabara za matope, yalikuwa siri ya dereva na askari. Kuhesabia kura kituoni kulianza mwaka 2002, na si ajabu kwamba huo ndio mwaka ambao chama cha KANU, kilichotawala tangu uhuru, kiliondolewa madarakani kwa debe.

Je, wakala wa mgombea akikataa kutia saini, matokeo ya kituo yanabatilika?

Hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee. Wakala anayekataa anatakiwa kueleza sababu zake kwa maandishi, na msimamizi naye anatakiwa kuandika kwamba wakala amekataa. Wagombea wengi hulisahau jambo hili: wakala aliyeondoka kwa hasira bila kuandika chochote hajamsaidia mgombea wake hata kidogo, kwa sababu mahakamani kinachosomwa ni karatasi.

Ikiwa matokeo yako mlangoni pa kituo, kwa nini nchi nzima husubiri tangazo la Nairobi?

Kwa sababu rais huchaguliwa na nchi nzima, na ni lazima mtu ajumlishe. Lakini kujumlisha si kuamua. Mnamo Juni 2017, katika kesi iliyowasilishwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na kwamba mwenyekiti wa tume hana mamlaka ya kuyabadilisha akiwa Nairobi. Hukumu hiyo ilihamisha uzito wa uchaguzi kutoka kwa mtu mmoja aliye mbele ya kamera hadi kwa maelfu ya wasimamizi wa vituo walio Nyando, Lugari na Kuresoi.

Mwaka 2022 hatua nyingine ilipigwa. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka Fomu 34A kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, huku nchi ikiwa na vituo 46,229. Mkazi wa Ahero aliyekuwa amepiga picha ya fomu mlangoni pa kituo chake aliweza kuilinganisha na iliyomo kwenye tovuti. Ni kweli kwamba kwa siku kadhaa wananchi walichanganyikiwa, kwa kuwa kila kituo cha televisheni kilijumlisha fomu kwa mpangilio wake na kuonyesha mgombea tofauti akiongoza. Mkanganyiko wa namna hiyo ni afadhali kuliko ukimya.

Je, mitambo inaweza kuiba kura?

Kwanza ieleweke mitambo hufanya nini. Nchini Kenya mtu hupiga kura kwa karatasi na kalamu. Kifaa cha KIEMS humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, na baadaye hutuma picha ya fomu. Hakihesabu kura. Kwa hivyo anayetaka kubadilisha matokeo kwa mitambo peke yake atakutana na karatasi zilizobandikwa milangoni, na nakala zilizo mikononi mwa mawakala.

Hilo halimaanishi kwamba hofu ya wananchi haina msingi. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, na mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka. Mwaka 2017 tume yenyewe ilitangaza kabla ya uchaguzi kwamba vituo zaidi ya 11,000 vilikuwa nje ya mtandao wa kasi unaohitajika. Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti mwaka huo, Chris Msando, afisa wa tume aliyesimamia teknolojia na ambaye alizaliwa Siaya, alikutwa ameuawa. Yeyote anayeshangaa kwa nini mtu wa Nyanza hauamini mtambo kwa urahisi na aanzie hapo.

Kwa upande mwingine, teknolojia ya hali ya juu si sharti la uchaguzi wa kweli. Nchini Gambia wapiga kura walitumia gololi: kila mgombea alikuwa na pipa lililopakwa rangi yake, mpiga kura akatumbukiza gololi moja, na kengele iliyomo ndani ikalia mara moja ili kila mtu ajue kwamba hakutumbukiza mbili. Desemba 2016 gololi hizo zilimshinda Yahya Jammeh, aliyekuwa ametawala tangu 1994. Alikubali, kisha akakataa, na hatimaye akaondoka Januari 2017 baada ya mataifa jirani kuyasogeza majeshi yao mpakani. India nayo hutumia mashine kwa wapiga kura zaidi ya milioni 900, lakini imeziongezea karatasi ndogo inayomwonyesha mpiga kura alichokichagua, kwa sababu huko pia watu walidai kitu kinachoweza kuhesabiwa upya.

Mgombea anahitaji kura ngapi ili awe rais, na kura zilizoharibika zinahesabiwa?

Katiba inamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa kwanza hurudi debeni ndani ya siku 30. Kufikia sasa duru ya pili haijawahi kufanyika.

Kura zilizoharibika hazihesabiwi katika kutafuta asilimia. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013. Uamuzi huo unaonekana mdogo mpaka mtu achukue kalamu. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, naye Raila Odinga kura 6,942,930. Ruto alivuka nusu kwa kura zinazokaribia 70,000. Kura zilizokataliwa zilizidi 113,000; zingehesabiwa, bado angevuka nusu, lakini kwa kura chache zaidi. Ukiigawa tofauti ya wagombea hao wawili, ambayo ni kura 233,211, kwa idadi ya vituo, utapata wastani wa kura tano kwa kila kituo. Waliojiandikisha bila kujitokeza walizidi milioni 7.7, nao ni wengi kuliko waliompigia mshindi. Kwa hivyo anayesema kwamba kura moja haibadilishi kitu anasema kweli kuhusu kura moja, lakini anakosea kuhusu kituo kimoja.

Kwa nini nchi ililipuka baada ya uchaguzi wa 2007, ilhali mwaka 2022 watu walikwenda mahakamani?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wananchi walijifunza amani. Wananchi wa Nakuru, Kisumu na Burnt Forest hawakuwa wamekosa mafunzo ya amani mwaka 2007. Walikosa pa kwenda. Makamishna wengi wa tume ya wakati huo walikuwa wameteuliwa na Mwai Kibaki, rais aliyekuwa akigombea tena, bila ya kushauriana na upinzani. Matokeo ya baadhi ya maeneo bunge yalichelewa kwa njia isiyoelezeka, na yaliyosomwa Nairobi yakatofautiana na yaliyosemwa mashinani. Mnamo Desemba 30, jioni ileile ya kutangazwa, mshindi aliapishwa ikulu. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani, na historia iliupa sababu: Mwai Kibaki mwenyewe, alipopinga ushindi wa Daniel arap Moi wa 1997, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakumkabidhi rais hati za kesi mkononi. Nani angepita kwenye walinzi wa ikulu akiwa na bahasha ya mashtaka?

Kilichofuata kinajulikana. Kamisheni iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika vifo 1,133. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, na mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha zikageuka uwanja wa mauaji ya kulipiza kisasi. Hapa Nyanza wengi wa waliokufa waliuawa kwa risasi za polisi. Kamisheni nyingine, iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilichunguza kura zenyewe na kukata kauli kwamba kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani kubaini matokeo ya kweli. Yaani watu waliuana kwa ajili ya ushindi ambao hata wataalamu, wakiwa na nyaraka zote mezani, hawakuweza kusema ni wa nani.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliziba mwanya huo. Iliunda Mahakama ya Juu, ikaweka siku saba za kuwasilisha kesi ya kupinga ushindi wa rais na siku 14 za kuiamua, na ikakataza mshindi kuapishwa kabla ya muda huo kwisha. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani siku ileile yalipotangazwa, jambo ambalo mwaka 2007 lingetosha kuwasha moto. Lakini kulikuwa na fomu za kusoma na mlango wa kubisha, na Septemba 5 majaji waliyadumisha matokeo kwa kauli moja. Wengi wa Kisumu hawakuridhika, na hawakulazimika kuridhika.

Kwa nini mahakama ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti 2017 lakini ikakataa kufuta wa 2013 na wa 2022?

Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, na Kenya ikawa nchi ya kwanza barani Afrika ambako mahakama imebatilisha uchaguzi wa rais aliye madarakani. Majaji hawakusema kwamba Raila Odinga alishinda. Walisema kwamba utaratibu uliovunja Katiba hauwezi kuzaa matokeo halali, hata kama takwimu zingekuwa sahihi. Tume ilitangaza mshindi kabla ya kuzipokea Fomu 34A zote, baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, na ilipoamriwa kuifungua mitambo yake ili ikaguliwe, haikutii ipasavyo. Mwaka 2013 na 2022 majaji walisema kwamba ushahidi ulioletwa haukufikia kiwango hicho.

Malawi ilifuata njia hiyohiyo. Februari 3, 2020 majaji waliofika mahakamani chini ya ulinzi mkali walisoma hukumu kwa saa nyingi na kuufuta uchaguzi wa Mei 2019, ambao fomu zake nyingi zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa kufichia makosa. Kura iliporudiwa Juni 2020, Lazarus Chakwera alimshinda Peter Mutharika. Septemba 2025 wapiga kura walewale walimwondoa Chakwera na kumrudisha Mutharika. Msomaji anaweza kucheka au kusikitika, lakini hakuna kati ya mabadiliko hayo mawili yaliyohitaji mwanajeshi.

Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya ziwa, ina hali tofauti kabisa. Ibara ya 41 ya Katiba yake inazizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa mtu aliyekwisha kutangazwa na tume kuwa rais. Tofauti hiyo moja ya kisheria inaeleza mengi kuhusu mahali ambapo hasira ya watu huelekea.

Kisumu ilisusia uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017. Kususia kulisaidia?

Kisheria, hapana. Oktoba 26 kura hazikupigwa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Waliojitokeza nchini kote hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha. Na bado Novemba 20 Mahakama ya Juu ilidumisha ushindi wa Uhuru Kenyatta. Katiba haiweki kiwango cha chini cha wapiga kura.

Kisiasa jibu si jepesi hivyo. Kususia kuliunyima ushindi huo uzito, na wengi wanaamini kwamba bila uzito huo kukosekana kusingekuwa na handisheki ya Machi 2018, yaani mapatano ya Uhuru na Raila. Lakini gharama ya mzozo mzima wa mwaka 2017 ililipwa mitaani. Hata kabla ya kususia, mwezi Agosti 2017, polisi walipovamia nyumba usiku huko Nyalenda, mtoto wa miezi sita alipigwa na akafariki. Uchunguzi wa mahakama ya Kisumu uliwaona polisi kuwa na hatia. Mwandishi haoni hesabu ya kisiasa inayoweza kulipa hilo.

Kwa nini uchaguzi wa gavana Kakamega na wa mbunge Rongai uliahirishwa mwaka 2022?

Karatasi za kura, zilizochapishwa Ugiriki, zilifika zikiwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea. Tume iliahirisha uchaguzi huo, pamoja na chaguzi nyingine chache kama ule wa gavana wa Mombasa, hadi Agosti 29. Waliojitokeza siku hiyo walikuwa wachache kuliko waliojitokeza Agosti 9, kwa sababu rais alikuwa amekwisha kutangazwa na watu walikuwa wamerudi kazini.

Mbona baadhi ya maeneo yalikaa muda mrefu bila mbunge?

Kwa sababu hapakuwa na tume. Muda wa mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili waliosalia naye ulikwisha Januari 2023, na wanasiasa wakabishana juu ya uteuzi mpaka Julai 2025, mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Bila makamishna hakuna uchaguzi mdogo. Ugunja, Kasipul na Malava zilisubiri hadi Novemba 27, 2025. Wananchi wa Ugunja walikuwa wamekaa bila mwakilishi kwa zaidi ya mwaka, huku wakiendelea kulipa kodi.

Katika eneo langu chama kimoja hushinda kila mara. Kuna haja gani ya kupiga kura Agosti?

Swali hili huulizwa sana Kisumu na Siaya, na sehemu za Nakuru pia, na lina ukweli ndani yake. Mahali ambapo tiketi ya chama ni sawa na ushindi, uchaguzi halisi ni mchujo, na mchujo ndio uchaguzi wenye ulinzi hafifu kuliko wote. Mara nyingi unaendeshwa na bodi ya chama chenyewe badala ya IEBC. Sajili ya wanachama haijulikani vizuri, karatasi huchelewa, vurugu huzuka, na mwishowe tangazo hutolewa hotelini. Sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inakiruhusu chama kutumia wajumbe badala ya wanachama wote, na wengine hupewa tiketi ya moja kwa moja bila kura yoyote. Fomu zote tulizozieleza hapo juu, na saini zote, hazina kazi ikiwa mbunge alikwisha kuchaguliwa mwezi wa Aprili chumbani.

Mwananchi anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuhakikisha kwamba ameandikishwa katika chama anachokitaka na si kingine. Wengi wamegundua kwamba majina yao yaliingizwa katika vyama wasivyovijua, na Msajili wa Vyama vya Kisiasa ametoa njia ya kuangalia na kujiondoa kwa simu au kwa mtandao. La pili ni kupeleka malalamiko ya mchujo kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa baada ya kujaribu njia za ndani ya chama. Zaidi ya hayo, wagombea huru hushinda mara kwa mara katika wadi. Wapiga kura wa Magharibi, kwa mfano Kakamega na Bungoma, wamezoea kumpa rais kura ya chama kimoja na mbunge kura ya chama kingine, na hali hiyo huwafanya wanasiasa wafike vijijini mara nyingi zaidi kuliko wanavyofika kwenye ngome.

Mgombea akinipa pesa nami nisimpigie kura, nimekosa?

Mbele ya sheria, ndiyo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mpokeaji kuwa mkosaji sawa na mtoaji, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni mbili au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Ni kweli kwamba wachache sana hufikishwa mahakamani. Hongo ya siku hizi huitwa nauli, chai au asante ya kuhudhuria mkutano, lakini sheria haiangalii jina.

Je, ni kweli kwamba nchi zinazoendelea haziko tayari kwa demokrasia?

Wanaosema hivyo huelekeza kidole Mali, Burkina Faso, Niger na Guinea, ambako wanajeshi wamechukua madaraka tangu 2020. Gabon ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu: Agosti 2023 jeshi lilimwondoa Ali Bongo dakika chache baada ya kutangazwa mshindi, katika uchaguzi uliofanyika bila waangalizi wa kigeni huku intaneti ikiwa imezimwa. Watu walishangilia mitaani. Walichokishangilia ni kuondoka kwa familia iliyotawala tangu 1967, na kosa la kwanza lilikuwa la waliozima intaneti.

Lakini orodha ya upande wa pili ni ndefu, na haitajwi sana. Zambia ilimwondoa Kenneth Kaunda kwa kura mwaka 1991, ikakiondoa chama tawala tena mwaka 2011 na mwaka 2021. Nchini Ghana, duru ya pili ya uchaguzi wa 2008 iliamuliwa kwa tofauti ya kura pungufu ya 41,000 kati ya kura takriban milioni tisa. Nana Akufo-Addo, aliyeshindwa, alirudi nyumbani, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa rais. Senegal ilishuhudia rais akijaribu kuahirisha uchaguzi mwaka 2024, Baraza la Katiba likamkatalia, na Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku kumi tu kabla ya kura, akashinda katika duru ya kwanza. Botswana, iliyotawaliwa na chama kimoja tangu uhuru wa 1966, ilibadilisha serikali Oktoba 2024.

Nchi hizo hazifanani kwa utajiri, wala kwa lugha, wala kwa idadi ya makabila. Zinachokaribiana ni kwamba kura zilihesabiwa mahali penye macho mengi, na aliyeshindwa aliziona.

Wanawake wamefaidika vipi na mabadiliko haya?

Nakuru ni mfano mzuri. Mwaka 2022 kaunti hiyo ilimchagua mwanamke kuwa gavana, mwanamke kuwa seneta, na wabunge wanawake kadhaa waliogombea moja kwa moja katika maeneo bunge. Homa Bay nayo ilichagua gavana mwanamke, na jumla yao nchini ikawa saba kutoka watatu wa mwaka 2017. Hata hivyo kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika taasisi za kuchaguliwa haijatimizwa bungeni. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais avunje bunge kwa sababu hiyo, na ushauri huo haukutekelezwa.

Vijana waliandamana Juni 2024 na mswada ukaondolewa. Kwa nini wajisumbue na kura?

Ni kweli kwamba maandamano yalifanya kwa wiki moja jambo ambalo bunge lilishindwa kulifanya: Juni 25 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, na siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatautia saini. Watu makumi waliuawa. Ibara ya 37 inalinda haki ya kuandamana, nayo haipungui thamani kwa sababu kuna uchaguzi. Lakini wabunge walioupigia kura ya ndiyo mswada ule hawakupoteza viti vyao kwa hilo, kwa kuwa maandamano yanaweza kumzuia mbunge asifanye jambo, ilhali kumwondoa kunahitaji debe. Mwaka 2022 walio chini ya miaka 35 walikuwa takriban asilimia 40 ya waliojiandikisha, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na 2017. Mbunge anayeiona sajili hiyo anajua ni nani wa kumwogopa na ni nani wa kumpuuza.

Nitajiandikisha vipi kabla ya uchaguzi wa 2027?

Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na hiyo itakuwa Agosti 10, 2027. Usajili wa kila mara ulirejelewa mwishoni mwa Septemba 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge. Unatakiwa uwe umefikisha miaka 18 na uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti, na siku ya kura ufike na hati ileile uliyojiandikishia. Aliyehama, kwa mfano kutoka Webuye kwenda Nakuru kutafuta kazi, anaweza kuomba kituo chake kihamishwe ili asilazimike kulipa nauli siku ya uchaguzi. Usajili husitishwa uchaguzi unapokaribia, na foleni za wiki ya mwisho huwa ndefu kuliko za siku yenyewe ya kura.

Je, ninaruhusiwa kupiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni?

Ndiyo. Fomu hiyo imebandikwa ili isomwe na umma. Usichoruhusiwa ni kuipiga picha karatasi yako ya kura baada ya kuitia alama, kwa sababu kura ni siri, na picha ya namna hiyo ndiyo risiti ambayo mnunuzi wa kura huidai kabla ya kulipa. Ukiipiga picha fomu, hakikisha kwamba jina na nambari ya kituo, takwimu zote na saini za mawakala zinaonekana vizuri. Picha isiyoonyesha nambari ya kituo haiwezi kulinganishwa na chochote.